Miji ya Japani na Namna Inavyovishwa

Msafiri aingiaye Japani kwa mara ya kwanza aghalabu huwa amekwisha kujiwekea picha mbili akilini: mahekalu ya mbao yaliyozungukwa na misonobari, na maghorofa ya vioo yanayomeremeta usiku kucha, lakini akipata wasaa wa kushuka katika stesheni ndogo na kutembea kwa miguu, huona jambo la tatu ambalo vitabu vya matembezi havilitaji sana, nalo ni kwamba katika nchi ile hata kitu cha hadhara kilicho duni, kama mfuniko wa chemba, taa ya barabarani, choo cha bustanini au stesheni isiyo na karani, kimefikiriwa, kimechorwa, na kupewa sura inayotokana na habari za mahali pale. Sababu yake si anasa. Miji mingi ya Japani iliteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, na katika miaka iliyofuata ikajengwa upya kwa haraka, kwa saruji, hata mji mmoja ukafanana na mwingine kwa namna ya kusikitisha. Kisha vijana wakaanza kuihama miji midogo kwenda Tokyo na Osaka, na wakuu wa manispaa wakawa hawana budi kujiuliza mji wao una kitu gani ambacho mwingine hauna. Sanaa ninayotaka kuieleza ilizaliwa katika swali hilo.

Nianze na kilicho chini kabisa, maana ndicho kinachokanyagwa na kila mtu. Katika miaka ya 1980 serikali ilikuwa ikieneza mabomba ya majitaka katika miji midogo, kazi yenye gharama kubwa na isiyoonekana kwa macho kwa kuwa yote imefukiwa, na wenyeji wa sehemu nyingi hawakuona sababu ya kuilipia. Hapo ndipo Yasutake Kameda, ofisa wa Wizara ya Ujenzi, alipotoa shauri mwaka 1985 kwamba kila manispaa itie mchoro wake wenyewe juu ya mifuniko ya chemba, ili watu wapate kuona walau sehemu moja ya kile walichokilipia. Mji wa Naha, katika Okinawa, ulikuwa umekwisha kutangulia mwaka 1977 kwa mfuniko uliojaa samaki. Leo Osaka ina ngome yake na maua ya mcheri, na Sapporo ina mnara wake wa saa na samaki samoni. Mfuniko husubiwa kwa chuma, uzito wake hukaribia kilo 40, na nakshi zake, licha ya kupendeza, huzuia viatu na magurudumu yasiteleze wakati wa mvua. Tangu mwaka 2016 manispaa hutoa bure kadi zenye picha na maelezo ya mifuniko hiyo, ila kadi haipelekwi kwa posta: aitakaye sharti aufikie mji wenyewe, na wako watu wanaozunguka nchi nzima kwa ajili ya kuzikusanya.

Mwaka 1988 na 1989 serikali ya Waziri Mkuu Noboru Takeshita ilizipa karibu manispaa zote, kubwa kwa ndogo, yeni milioni 100 kila moja, zizitumie zipendavyo. Nyingine zilichimba visima vya maji moto ya kuogea. Mji wa Tsuna, katika kisiwa cha Awaji, uliweka bonge la dhahabu ili wageni waje kuligusa. Mimi sioni fahari katika dhahabu ile, kwa kuwa ingeweza kuwekwa mji wowote, na iliwekwa kwa sababu fedha zilitangulia kufika kabla ya fikra. Afadhali mara mia stesheni ya Kizukuri, mkoani Aomori, ambayo mwaka 1992 ilijengewa mbele yake sanamu yenye kimo cha meta 17 na macho makubwa ya mviringo, mfano wa kinyago cha udongo cha kale mno kilichochimbuliwa mwaka 1887 katika ardhi ya jirani, Kamegaoka. Kinyago cha asili kimevunjika mguu wa kushoto, na sanamu nayo ilisimamishwa bila mguu huo. Wajenzi hawakuthubutu kuuongeza.

Katika Sakaiminato, bandari ya wavuvi wa kaa huko Tottori, alilelewa mchoraji Shigeru Mizuki, ambaye utotoni alisimuliwa na bibi mmoja wa mtaani habari za mazimwi na pepo wa sehemu ile, akapoteza mkono wake wa kushoto vitani, kisha akarudi na kuwachora viumbe wale kwa mkono uliobaki hata nchi nzima ikawafahamu. Mwaka 1993 manispaa ilianza kuweka sanamu za shaba za mazimwi hayo kando ya barabara ya maduka itokayo stesheni, barabara ya meta 800 hivi iliyokuwa ikififia. Zilianza 23, na barabara ilipokarabatiwa mwaka 2018 zilikuwa zimefika 177. Katika ukarabati huo njia ya magari ilipunguzwa na kufanywa ya upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, na taa zikatengenezwa ili usiku ziangushe vivuli vya mazimwi juu ya ardhi, watoto wavikimbize. Sanamu nyingi ni ndogo, hata mtoto huweza kuzishika, na baadhi zimeng'aa kwa kupapaswa.

Lakini kama ningetakiwa nitaje kazi moja tu, ningetaja stesheni ya Kishi, iliyo mwisho wa reli ya kilomita 14 itokayo mji wa Wakayama. Reli ile ilikuwa ikipata hasara mwaka baada ya mwaka, na wenyewe wakaamua kuiacha. Wananchi wakasimama kuitetea, na mwezi wa Aprili 2006 ikachukuliwa na kampuni nyingine, ambayo ilimwita mbunifu Eiji Mitooka. Huyu hakupewa mabehewa mapya. Aliyachukua yaliyopo, yaliyochakaa, akalivika moja mavazi ya stroberi, ambayo ndiyo mazao ya sehemu ile, na ndani akatia sakafu na viti vya mbao, kwa msaada wa michango ya watu. Januari 2007 paka wa rangi tatu aliyeitwa Tama, aliyekuwa akikaa kando ya duka la stesheni ya Kishi, alitawazwa kuwa mkuu wa stesheni, akavikwa kofia ya kazi, na abiria wakaanza kumiminika ili kumwona. Mwaka 2010 jengo lenyewe likajengwa upya kwa sura ya paka: paa lina masikio mawili, na madirisha ya juu ndiyo macho. Atazamaye kwa mbali atadhani ni mchezo wa watoto. Akikaribia ataona kwamba paa limeezekwa kwa magome ya mberoshi, tabaka juu ya tabaka, kwa ufundi uleule unaoezeka mahekalu makuu ya nchi. Fundi hakusema kwamba maadamu jengo ni la paka basi na lifanywe kwa plastiki, na kwa jambo hilo peke yake nampa heshima zote. Tama alipokufa mwaka 2015 maelfu ya watu walihudhuria maziko yake, naye akajengewa hekalu dogo palepale stesheni. Nafasi yake imeshikwa na paka mwingine.

Ukarabati wa namna nyingine, wa kuirudisha sura ya kwanza badala ya kubuni mpya, umefanywa kwa ukamilifu katika stesheni kuu ya Tokyo. Jengo lake la matofali mekundu, lenye urefu wa meta 335 hivi, lilichorwa na Kingo Tatsuno na kufunguliwa Desemba 1914. Lilistahimili zilzala kubwa ya 1923, lakini mabomu ya Mei 1945 yaliliunguza, likapoteza kuba zake mbili na ghorofa ya tatu. Lilifunikwa kwa paa la dharura mwaka 1947, na dharura hiyo ikadumu miaka zaidi ya sitini, huku wengine wakitaka libomolewe na wananchi wengine wakilitetea. Kazi ya kulirudisha ilianza mwaka 2007 na kumalizika Oktoba 2012. Gharama yake, kiasi cha yeni bilioni 50, ilipatikana kwa njia ya kustaajabisha, yaani kwa kuyauzia majengo ya jirani haki ya kupanda juu ambayo stesheni, kwa kuwa ni fupi, haikuitumia. Vigae vyeusi vya jiwe vya kuezekea paa vilikuwa Ogatsu, pwani ya kaskazini, vikingoja kusafirishwa, tsunami ya Machi 2011 ilipovifagia. Watu wakaviokota matopeni, vikaoshwa chumvi, na vilivyofaa vikaezekwa paani kama ilivyokusudiwa.

Ndani ya kila kuba, katika pembe nane, zimerudishwa nakshi za wanyama ambao Wajapani huhesabia miaka. Lakini wanyama hao ni kumi na wawili, na muda mrefu watu walijiuliza wanne waliobaki, yaani panya, sungura, farasi na jogoo, wako wapi. Jengo la stesheni lilipokwisha kukarabatiwa, walionekana wamechongwa katika dari ya lango la hamamu ya maji moto la Takeo, huko Saga, mkoa aliozaliwa Tatsuno, lango ambalo yeye mwenyewe alilichora katika miaka ileile.

Kyoto imechagua kujizuia. Kwa sheria ya mwaka 2007 kimo cha majengo ya katikati ya mji kilishushwa kutoka meta 45 hadi 31, matangazo ya juu ya paa na yale ya kumetameta yakapigwa marufuku, na maduka yenye nembo za rangi kali yakatakiwa kuzipooza, hata mgeni huona mabango aliyoyazoea kwingine kuwa mekundu yamekuwa ya rangi ya hudhurungi.

Na katika wilaya ya Shibuya, Tokyo, vyoo 17 vya hadhara vilijengwa upya kati ya mwaka 2020 na 2023 na wasanifu mashuhuri, miongoni mwao Tadao Ando na Kengo Kuma. Shigeru Ban alijenga vyake kwa vioo vya rangi vinavyopenyeza macho, ili mtu aone kabla ya kuingia kwamba ndani ni safi na hamna mtu. Akifunga komeo, kioo hugeuka kisipenye tena. Vyoo hivyo husafishwa mara kadhaa kila siku na watu waliovaa sare za buluu zilizobuniwa na Nigo, mbunifu wa mavazi mwenye sifa kubwa. Nami nahesabu sare zile kuwa sehemu ya usanifu sawasawa na vioo vya Ban, kwa kuwa choo cha kioo kisichofagiliwa hakingekaa hata juma moja kabla wenyeji hawajataka kibomolewe.