Chongoma, Tunda la Mwibani

Mchongoma kuupanda, kushuka ndiyo ngoma. Methali hii yajulikana na kila mtoto aliyepita shuleni, lakini ni wachache waliopata kujiuliza huyo mpanda mti alifuata nini huko juu penye miiba. Alifuata matunda. Nasi leo twapenda kuzungumza na wenye nyumba, hasa akina mama, juu ya matunda hayo ambayo wengi wetu tumeyaachia watoto wachungao mbuzi.

Mchongoma, ambao wataalamu wa mimea huuita Flacourtia indica, ni mti wa kimo cha wastani wenye miiba mirefu shinani na matawini. Huota Afrika, Bukini na Bara Hindi. Jina hilo la kitaalamu latokana na Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa liwali wa watu wake kisiwani Bukini tangu mwaka 1648 hata 1655. Tunda lake ni la mviringo, dogo, na likiiva hugeuka jekundu la kuiva sana, karibu na weusi. Ladha yake ni ukali uliochanganyika na utamu. Lisipoiva vema hukaza ulimi. Ndiyo maana watoto hulifikicha kwanza baina ya viganja likalainika.

Sasa tutazame hali ya nyumba zetu za Nyanda za Juu za Kusini. Mbalizi ni mji ulio magharibi ya Mbeya, katika njia kuu iendayo Zambia, na soko lake halina upungufu wa chakula: kuna mahindi, maharage, viazi, mchele wa Usangu na wa Kyela, na samaki wakavu. Lakini mama atakaye kutia ukali katika mchuzi wake hununua ukwaju au ndimu, na atakaye kuwaburudisha wageni huagiza chupa za soda. Fedha hutoka mkononi, na ilhali vichakani machongoma yaanguka yakaoza. Hatusemi kwamba ukwaju ni mbaya. Twasema tu kwamba si lazima.

Ama kuhusu lishe, chongoma lina maji mengi, sukari yake ya asili, na vitamini C. Rangi yake iliyokoza nayo ni ya jamii ya zile rangi zipatikanazo katika zambarau. Faida iliyo kubwa kwa watu wa huku, kwa maoni yetu, ni hii: chakula chetu cha kila siku ni maharage na mboga za majani, navyo vina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa shida. Tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na mlo huo huusaidia mwili kuyapokea, na chai ya rangi inywewayo papo hapo huuzuia. Kwa mama mja mzito na kwa msichana anayekua, ambao damu yao hupungua upesi, jambo hili si dogo. Lakini ajue mpishi kwamba vitamini C huharibika kwa moto. Kwa hiyo yaliyo bora kwa shabaha hii ni yale yaliwayo mabichi.

Jikoni, machongoma machache yaliyopondwa na kuchujwa hutosha kuukoleza mchuzi wa samaki mkavu. Yatiwe mwishoni, samaki akiisha kulainika. Kwa jamu, yachemshwe kwa maji ya kuyafunika tu hata yapasuke, yachujwe kwa chekecheke ili mbegu zibaki, kisha kwa kila kikombe cha rojo kitiwe kikombe cha sukari. Ichemke huku ikikorogwa, mpaka tone lililowekwa katika kisahani baridi lifanye makunyanzi likiguswa. Isitumike sufuria ya alumini, kwa kuwa ukali wa tunda huila. Ile ya chuma kisichoshika kutu ndiyo ifaayo. Mwenye maradhi ya sukari aiache jamu, ale matunda yenyewe kwa kiasi.

Juu ya sharubati tuna neno zaidi. Tulipata kuketi kwa bibi mmoja wa Mbalizi aliyekuwa amebakiza dumu la maji ya chongoma tangu siku ya karamu. Alipolifungua siku ya nne likatoa povu na kuvuma. Mjukuu wake akasema, "Bibi, imekuwa kama soda." Bibi akainusa, akainuka, akaimwaga yote uani, na wageni wakapewa maji. Alifanya sawa. Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa siku hiyo na ya pili na ya tatu hata jioni, kisha kilichobaki kikamwagwa. Na katika sheria, kileweshacho kingi chake, kidogo chake pia ni haramu. Baridi ya Mbeya huchelewesha uchachu, haiuzuii. Basi itengenezwe ya kutosha siku moja tu.

Mtoto asitumwe kuchuma peke yake kabla hajafundishwa, kwani si kila tunda jekundu la porini huliwa, na miiba ya mchongoma huchoma hasa. Mwenye kiwanja na aupande uwe ua, maana mbuzi hapenyi. Lakini asipande mche mmoja akangoja matunda. Michongoma aghlabu hutengana, mingine dume na mingine jike, na jike ndio uzaao. Apande miche kadhaa, umbali wa hatua mbili hivi, naye ataitambua atakapoona maua yake.