Ukarimu wa Maji, Ubahili wa Mafuta: Fizikia ya Tiba ya Goti

Swali la msomaji mmoja ndilo chimbuko la makala haya: kwa nini matabibu wa Ayurveda nchini India hulilowesha goti linalouma kwa mafuta ya moto, ilhali maji ya moto yamo katika kila nyumba na ni rahisi zaidi? Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake halipatikani katika mitishamba iliyochemshwa ndani ya mafuta hayo, bali katika namna joto linavyovuka mpaka kati ya kitu kimoja na kingine.

Muundo wa goti umo katika kitabu chochote cha biolojia cha shule ya sekondari, na hapa inatosha kukumbuka gegedu, yaani ule utando mgumu unaoteleza na kuzuia mifupa isisagane, ambao hulika kadiri miaka inavyopita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 waliishi na ugonjwa huu wa kulika kwa viungo, na kwamba goti ndilo linaloathirika kuliko kiungo kingine chochote. Waganga wa kale wa India waliujua vizuri, na Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikongwe vya Ayurveda, inaueleza kuwa ni uvimbe ambao ukiguswa huwa kama kiriba kilichojaa upepo, unaoambatana na maumivu wakati wa kukunja na kukunjua kiungo. Yeyote aliyewahi kubonyeza goti lililovimba atakubali kwamba aliyeandika maneno hayo alikuwa amelishika kwa vidole vyake.

Tiba yenyewe huitwa janu basti, janu likiwa ni goti kwa Kisanskriti na basti likiwa ni kibofu, yaani chombo cha kushikilia kimiminika. Tabibu hukanda unga wa urad, ambayo ni jamii ya kunde na ndugu wa karibu wa choroko, kwa sababu unga huo ukilowa hunata na kuvutika bila kupasuka, kisha huuviringisha kuwa kamba nene na kuizungusha juu ya goti la mgonjwa aliyelala chali, akiziba kila ufa kwa kidole kilicholoweshwa maji. Ndani ya ukuta huo wa duara humiminwa mafuta, mara nyingi ya ufuta (simsim kwa watu wa Uganda na sehemu za Kenya), yaliyopashwa moto katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto na wala si juu ya moto wenyewe. Mafuta hukaa hapo kwa muda wa nusu saa au zaidi, na kila yanapoanza kupoa tabibu huyafyonza kwa pamba, huikamulia pamba hiyo bakulini, kisha humimina mengine.

Wengi hudhani kwamba mafuta huteuliwa kwa kuwa hutunza joto kuliko maji, na dhana hiyo ni kinyume cha ukweli. Gramu moja ya maji huhitaji jouli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi, ilhali gramu ya mafuta ya kupikia hutosheka na jouli 2 hivi, maana yake ni kwamba mafuta yana akiba ndogo ya joto, na ndiyo sababu tabibu hulazimika kuyabadilisha kila mara. Zaidi ya hayo, mafuta hupitisha joto polepole, kwa kasi inayokaribia robo tu ya ile ya maji. Sifa hizi mbili, zikiunganishwa na uzito wa kitu kwa ujazo wake kwa njia ya kuzidisha na kisha kutafuta kipeuo cha pili, huzaa kipimo kimoja ambacho wanafizikia wa Ulaya wamekipa jina lenye asili ya kitenzi cha Kilatini cha kumwaga.

Kiswahili hakijakipa kipimo hicho jina lililozoeleka, na jambo hilo linastahili kusumbukiwa kidogo. “Umwagaji joto” hupotosha, kwa kuwa kinachomwagwa huhesabiwa kimepotea. “Utoaji joto” hugongana na maelezo ya miili inayong’aa kama jua. Na kulitohoa neno la kigeni na kupata “efusiviti” ni kumtwisha mwanafunzi mzigo usio na mpini. Makala haya yanapendekeza ukarimu wa joto. Wako watakaosema kwamba ukarimu ni tabia ya watu, lakini fizikia ya Kiswahili imekwisha kuyachukua maneno kazi na ukinzani kutoka katika maisha ya watu, na hakuna aliyelalamika.

Na jina likishapatikana, picha hujichora yenyewe. Maji ni mwenyeji mkarimu mwenye sufuria kubwa ya pilau jikoni na wapakuzi wengi wepesi wa miguu, hivi kwamba mgeni, ambaye ni ngozi, hajamaliza tonge la kwanza kabla sinia halijajazwa tena, na asipoangalia atavimbiwa. Mafuta ni mwenyeji bahili: sufuria yake ni ndogo, mpakuzi wake ni mmoja tena mzee, na mgeni aliyekula kilichokuwa karibu na mlango hana budi kungoja mpaka kijiko kingine kifike kutoka jikoni, ijapokuwa chakula kilichomo humo ni cha moto sawasawa na kile cha jirani. Ukarimu huu una upande wa pili, kwa kuwa mwepesi wa kutoa ndiye mwepesi wa kuchukua, na ndiyo sababu alfajiri sakafu ya saruji huuma nyayo ilhali mkeka uliotandikwa juu yake hauumi, ingawa vyote viwili vimelala katika baridi ile ile. Hapo mfano wa mwenyeji unaanza kuchechemea, maana hakuna mwenyeji anayemnyang’anya mgeni tonge.

Hesabu huthibitisha. Ngozi yenye nyuzi 33 ikiguswa na maji ya nyuzi 45, uso wake huruka mara moja hadi karibu nyuzi 40, lakini ikiguswa na mafuta ya nyuzi hizo hizo 45 hufika kama 37 tu. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa katika ncha za neva za ngozi mna protini iitwayo TRPV1, iliyotambuliwa mwaka 1997 na David Julius na wenzake huko California kwa kufuatilia ukali wa pilipili, ugunduzi uliompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Protini hiyo ni mlango unaofunguka joto linapokaribia nyuzi 43, na ukifunguka ubongo hupata habari ya kuungua. Ubahili wa mafuta humpa tabibu nafasi ya kukosea kwa nyuzi kadhaa bila mlango huo kubishwa.

Kuhusu mitishamba, molekuli za mafuta ya ufuta na baadhi ya zile za mimea ni kubwa mno kupenya ngozi nzima. Utafiti wa Berlin uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 151, uliona nafuu kubwa zaidi kwa waliotibiwa kwa Ayurveda, ila walipewa pia ukandaji, lishe na yoga. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asijaribu tiba hii, kwa kuwa hatahisi joto likizidi.

Basi msomaji aliyeuliza anaweza kupata mguso ule ule kwa maji ya nyuzi 40, mradi akumbuke hila moja ya maji ambayo mafuta hayana: kila gramu inayogeuka mvuke huondoka na jouli 2,400 hivi, kiasi cha kupoza gramu 100 zilizobaki kwa karibu nyuzi 6. Kitambaa kilicholoweshwa kikiachwa wazi juu ya goti hupoa upesi, lakini kikifunikwa kwa mfuko wa plastiki, na juu yake kanga iliyokunjwa mara nne, mvuke hukosa pa kutokea.