Ziada Katika Nchi ya Msimu Mmoja wa Mvua

Ziada, kwa maana yake ya kawaida, ni kile kinachobaki juu ya mahitaji baada ya mahitaji hayo kutimizwa, na ndiyo maana mtumishi hulipwa kwa saa za ziada pale tu muda wake wa kazi unapokuwa umekwisha, na mwanafunzi husemwa kuwa yumo katika masomo ya ziada pale ratiba ya shule inapokuwa imefungwa. Bakaa na salio, ambayo wahasibu huyatumia kwa fedha zilizosalia katika hesabu, hayadai mengi, kwa kuwa hutaja kilichobaki bila kusema kama kilichobaki kinahitajika au hakihitajiki. Ziada hudai zaidi: hudai kwamba mahitaji yanajulikana. Katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka ambazo huenda zikakatika katikati ya msimu, hilo ndilo jambo gumu kulijua.

Wakulima na wafugaji wa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma, hawakuhesabu mahitaji kwa mwaka mmoja. Uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame, yalihifadhiwa ndani ya tembe, yaani nyumba ya paa bapa la udongo, katika vilindo, ambavyo ni vyombo vikubwa vya mviringo vilivyotengenezwa kwa magome ya miti, na nafaka iliyokaushwa vizuri iliweza kukaa humo zaidi ya msimu mmoja. Mavuno yalipozidi, sehemu yake ilibadilishwa kwa mbuzi na ng'ombe, na mvua ilipokosekana mifugo hiyo hiyo ilipelekwa kwa majirani wenye chakula ili irudi ikiwa nafaka. Safari ya namna hiyo, ya kutafuta chakula mbali na nyumbani wakati wa njaa, huitwa kuhemea. Kwa hesabu hii ng'ombe zizini hakuwa mali ya anasa, ingawa maofisa wengi wa kikoloni walimwona hivyo na kulalamika kwamba Wagogo wanafuga kupita kiasi. Alikuwa mavuno ya mwaka mwema yaliyowekewa mwaka mbaya, na kasoro yake kubwa ilikuwa kwamba bei yake ilishuka wakati uleule ambapo bei ya nafaka ilipanda, kwa kuwa kila mtu aliuza kwa pamoja.

Hatari ya mgeni kuihesabu akiba hiyo kama ziada ilionekana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Wajerumani, na baada ya Dodoma kutekwa mwezi Julai 1916 majeshi ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kana kwamba kilichokuwemo ndani ya tembe na mazizi hakikuwa na mwenyewe wala kazi. Mvua ziliposhindwa baadaye, hapakuwa na uwele wa kula, wala ng'ombe wa kubadilisha, wala vijana wa kutosha wa kulima au kuhemea. Njaa iliyofuata inakumbukwa kwa jina la Mtunya, na maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba walikufa watu wapatao 30,000 kati ya wakazi 150,000 wa Ugogo. Ukame ulikuwapo kabla ya Mtunya na ulirudi baada yake. Kilichoufanya ukame huu uue kwa kiasi hicho ni kwamba akiba ilikwisha kuondolewa.

Mwaka 1947 ziada ya aina nyingine kabisa iliingia Kongwa, mashariki ya Dodoma. Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ilitaka kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari, na kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana, ilinunua mitambo ambayo majeshi hayakuihitaji tena baada ya vita, kisha vifaru vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Mitambo mingi ilifika ikiwa imechakaa, mibuyu na vichaka viliwasumbua madereva, na udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu mara tu kiangazi kilipoanza, hata kuzing'oa karanga ikawa shida. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Wenyeji walijua mvua ya Kongwa ilivyo, lakini hesabu ya mavuno ilikuwa imefanywa London.

Leo ziada ina kipimo cha kiserikali. Wizara ya Kilimo hulinganisha uzalishaji wa chakula na mahitaji ya mwaka unaofuata, na eneo linalozidi asilimia 120 ya mahitaji yake huhesabiwa kuwa na ziada, huku lililo kati ya 100 na 120 likisemwa kuwa limejitosheleza tu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, hununua nafaka katika mikoa yenye mavuno makubwa, kama Rukwa na Ruvuma, na kuipeleka kwenye mikoa yenye upungufu, ambayo Dodoma imekuwamo mara nyingi. Kipimo cha taifa, hata hivyo, huwaweka pamoja watu wenye maslahi tofauti: serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje mwaka 2011 na tena 2017, mlaji wa mjini alipata nafuu ambayo mkulima aliyekuwa na magunia ya kuuza ndiye aliyeilipia.

Soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, linaonesha hesabu hiyo katika ngazi ya gunia. Gunia la kawaida la mahindi hujazwa debe sita, sawa na kilo 100 hivi, ambazo ndizo kikomo kinachoruhusiwa na kanuni za vipimo. Lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu na kushonewa, hubeba debe saba au zaidi kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umeipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, nayo haijatoweka, kwa sababu muuzaji huwa na haraka kuliko mnunuzi. Wakulima wengi huuza mara baada ya kuvuna, kati ya Mei na Julai, wakikabiliwa na karo, madeni na dumuzi, mdudu mharibifu aliyeenea nchini tangu kuonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye hula mahindi ghalani kwa kasi kubwa. Miezi michache baadaye, kuanzia Desemba hadi Machi, baadhi yao hurudi sokoni kununua, kwa debe moja moja na kwa bei iliyokwisha kupanda, mahindi ambayo takwimu za mavuno zilikuwa zimeyaandika kama ziada yao.