Muamala Uliofutwa Bado Upo: Namna ya Kuufuata Kwenye GnuCash

Mara nyingi mtu hajui kwamba amefuta muamala siku ile aliyoufuta. Anakuja kujua mwisho wa mwezi, anapokaa na taarifa ya benki kufanya usuluhishi na kukuta salio la kuanzia kwenye programu halilingani na lile la benki. Mwezi uliopita hesabu zilikubaliana hadi senti. Mwezi huu, kabla hajagusa chochote, kuna pengo. Jasho humtoka zaidi kama fedha hizo si zake peke yake bali ni za kikundi: michango ya wanachama wa kikoba, marejesho ya mikopo, faini za waliochelewa.

Nitaizungumzia GnuCash, programu huria ya hesabu binafsi ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1998 na ambayo haina malipo. Muamala ukishafutwa humo, hakuna kitufe cha kutengua. Lakini programu hiyo hiyo huacha ushahidi mwingi kuliko watumiaji wengi wanavyodhani, na anayejua ushahidi huo unakaa wapi huupata muamala wake jioni ile ile.

Pengo lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Programu hupata salio la kuanzia kwa kujumlisha miamala yote ya akaunti hiyo iliyokwisha kusuluhishwa, ile yenye alama ya y. Ukifuta mmoja wapo, jumla hubadilika kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo kama benki inasema 310,000 na programu inasema 305,500, andika 4,500 kwenye karatasi. Hiyo ndiyo namba unayoitafuta: ama ni muamala mmoja wa kiasi hicho, ama ni kadhaa ambayo ukiipiga hesabu, iliyoingia na iliyotoka, inabaki 4,500.

Kumbuka pia kwamba kila muamala hugusa akaunti mbili au zaidi. Ukiufuta ukiwa kwenye rejista ya Benki, umeufuta na kwenye Chakula au Nauli. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kufuta akaunti nzima. Mtu anaona akaunti ya matumizi ya zamani, anataka kusafisha orodha, na programu inamuuliza kama miamala iliyomo ihamishiwe akaunti nyingine au ifutwe. Akichagua ifutwe, nauli za miaka mitatu zinaondoka pia kwenye fedha taslimu na kwenye benki, na masalio yote yanayumba kwa wakati mmoja. Ukiona akaunti nyingi zimeharibika kwa pamoja, anza kushuku hapo.

Kama ndiyo kwanza umefuta, usihifadhi. Kwenye faili la kawaida la GnuCash, mabadiliko hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta mpaka uhifadhi, hivyo ukifunga bila kuhifadhi unarudi ulikokuwa. Fanya haraka, kwa sababu kwa kawaida programu hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 5. Anayeweka hesabu zake kwenye hifadhidata ya SQLite hana mlango huu kabisa: kila badiliko huandikwa papo hapo. Ndiyo maana kwa mtu binafsi na kwa kikundi kidogo napendelea faili la kawaida.

Ukishahifadhi, hamia kwenye folda lenye faili lako. Utakuta mafaili mengine yenye jina lile lile, yakifuatiwa na tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Yanayoishia na .gnucash ni nakala rudufu, na yanayoishia na .log ni kumbukumbu za mabadiliko. Kabla ya kufungua lolote, nakili folda zima kwenye flashi. Hatua hii usiiruke, kwa sababu programu huhifadhi mafaili haya kwa siku 30 tu isipokuwa ukibadilisha mpangilio, na yanayopita umri huo huyafuta yenyewe.

Wengi hukosea kwenye kusoma saa ya nakala. Nakala iliyoandikwa 20:15 haioneshi hesabu zilivyokuwa baada ya kuhifadhi saa hiyo. Programu inapohifadhi, huliweka kando faili la zamani kwa kulipatia saa ya sasa, kisha huandika jipya. Maana yake ni kwamba nakala ya 20:15 ina hesabu kama zilivyokuwa kabla ya 20:15. Ukifuta muamala saa 20:10 na kuhifadhi 20:15, nakala yenye saa hiyo hiyo bado inao. Watu wanairuka wakidhani imeshaharibika, wanarudi nyuma siku nzima, na kazi ya siku hiyo inapotea bure.

Faili la .log ni maandishi matupu na hufunguka kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi. Kila tukio lina herufi yake: B muamala unapoanza kuhaririwa, C unapokubaliwa, R mabadiliko yanapotenguliwa, D unapofutwa. Kiasi huandikwa kama sehemu, hivyo 4,500 utaikuta kama 450000/100. Tafuta mistari ya D. Humo mna tarehe ya muamala, maelezo yake, akaunti zilizohusika na kiasi, pamoja na saa ya kufutwa. Wengi wakifika hapa kazi imekwisha: wanauandika upya muamala wao mmoja au miwili.

Iliyofutwa ikiwa mingi, ipo amri ya kuingiza faili la .log ili mabadiliko yaliyomo yarudiwe juu ya nakala ya zamani. Inafaa pale kompyuta ilipozimika ghafla kabla ya kuhifadhi, lakini kwa aliyefuta ina mtego: hurudia kila kitu, kufuta kukiwemo. Tena .log inajua miamala tu. Akaunti uliyofungua baada ya ile nakala hairudi. Mimi napendekeza njia ya polepole. Fungua nakala ya zamani, toa miamala ya akaunti husika kama jedwali la CSV, bakiza safu zilizopotea tu, kisha ziingize kwenye faili la sasa. Unaona kila mstari kabla haujaingia.

Nakala zote zikiwa hazipo, angalia pipa la taka la kompyuta, halafu la hifadhi ya mtandaoni kama faili lilikuwa huko. Google Drive hutunza vilivyofutwa kwa siku 30. PhotoRec inaweza kufufua mafaili kutoka diski ya kuzunguka au kadi ya kumbukumbu iwapo hujaandika kitu kingine juu yake. Kwenye diski za SSD za kisasa matumaini ni madogo, kwani nafasi ya faili lililofutwa husafishwa na diski yenyewe.

Baada ya hapo kinachobaki ni ushahidi wa nje. Taarifa ya benki na ya M-Pesa zitakupa tarehe, kiasi na namba ya muamala, lakini haziwezi kukuambia kwamba 12,000 za mwanachama zilikuwa hisa ama marejesho ya mkopo. Hilo limo kwenye kitabu chake mwanachama na kwenye kumbukumbu za kikao. Mweka hazina aombe vitabu hivyo kikaoni, mbele ya wote, na kueleza sababu.

Na hapa nasisitiza. Dirisha la usuluhishi la GnuCash lina kitufe kinachofungua ingizo jipya la kusawazisha akaunti, nacho kinavutia sana usiku wa manane. Usikibonyeze. Chukua ile 4,500. Huenda ni mchango wa 12,000 na matumizi ya 7,500 vilivyofutwa kwa pamoja. Ukiandika mstari mmoja wa "marekebisho 4,500", salio litakubali, benki itakubali, na mwanachama aliyelipa 12,000 ataonekana hakulipa. Siku ya kugawana ataambiwa anadaiwa, na daftari litakuwa shahidi wa uongo dhidi yake.

Muamala ulioandikwa upya huingia bila alama ya usuluhishi. Fungua usuluhishi wa akaunti hiyo kwa tarehe na salio la mwisho la taarifa mliyokubaliana nayo mara ya mwisho, uweke tiki kwenye uliourejesha, tofauti ikifika sifuri ufunge. Ndipo uanze mwezi mpya.

Siku za mbele, badala ya kufuta muamala uliokosewa, ubatilishe. GnuCash huufanya kiasi chake kiwe sifuri, huuacha mahali pake, hukutaka uandike sababu, na hukuruhusu kuurudisha ukigundua ulikuwa sahihi. Kisha, kwenye sifa za kitabu, weka idadi ya siku ambazo muamala ukizipita hauhaririki tena. Kikundi kinachosuluhisha kila mwezi kingeweka siku 60: taarifa ya mwezi uliopita inakuwa imeshapitiwa, na anayetaka kugusa miamala ya nyuma ya hapo analazimika kwanza kuubadilisha mpangilio huo kwa makusudi.