Programu ya Kurushiwa

Runazi, wilayani Biharamulo, kama vijiji vingi vya Kagera, bando halichezewi. Kwa nini upakue programu kutoka Play Store wakati jirani anaweza kukurushia kwa Xender, programu ya kutumiana mafaili, bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando? Hesabu hiyo ni sahihi. Shida haiko kwenye kurusha. Iko kwenye faili yenyewe.

Kila programu ya Android hutiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa mtengenezaji. Simu haijui kama mtengenezaji huyo ni mwema au tapeli. Inachokagua ni kama toleo jipya limebeba saini ileile ya toleo lililotangulia; isipolingana, inakataa. Kwa hiyo siku ya kwanza ndiyo inayoamua yote: ukianza na faili iliyochakachuliwa, simu itaendelea kupokea matoleo ya mchakachuaji.

WhatsApp za GB na FM, matoleo yasiyo rasmi ambayo mafundi simu wengi huwawekea wateja bila kuulizwa mara mbili, haziwezi kuwa na saini ya WhatsApp halisi. Agosti 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta, Kaspersky, iliikuta FMWhatsApp imebeba Triada, kirusi kinachoshusha virusi vingine na kumwandikisha mtu huduma za kulipia asizoomba. Programu ilikuwa imeshapewa ruhusa ya kusoma SMS, basi namba za uthibitisho kirusi kingeweza kuzisoma chenyewe. Aprili mwaka huohuo, programu ya APKPure, duka mbadala linalojulikana sana, nayo ilikutwa na kirusi. Salio likiyeyuka, anayelaumiwa ni mtandao wa simu!

Tangu 2018 Google huweka alama ya usalama ndani ya faili za Play Store, ili hata zikirushwa simu kwa simu uhalisi wake uweze kuthibitishwa bila intaneti. Mwombe jirani programu aliyoitoa Play Store, si iliyotoka kwa fundi.

Vivinjari vya kubana bando navyo vina gharama yake. Opera Mini ikibana data kwa kiwango cha juu kabisa, kurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, kisha huletwa kwako zikiwa zimepunguzwa. Yaani kuna mtu wa kati. Kwa matokeo ya Simba na Yanga, mimi sioni neno. Ukitaka kuingia akaunti ya benki, zima ubanaji huo kwanza.