Mɔ́tɔ kwenye skrini ya PSP

Katika Kilingala, moto ni mtu. Pandisha toni ya mwisho, motó, unapata kichwa. Fungua irabu zote mbili, mɔ́tɔ, na huo ndio moto unaounguza. Mfano huu kila mmoja wetu ameuandika kwenye daftari la mwaka wa kwanza. Mimi na mwenzangu tulitaka kuutia katika mchezo mdogo wa maneno kwa ajili ya wadogo zetu, kwenye PSP kuukuu ya nyumbani. Kilichotokea kwenye skrini ni hiki: m__t_.

Mistari hiyo si ugonjwa wa mashine. Programu ya fonti ya PSP ikiombwa herufi ambayo fonti haina, huweka herufi ya akiba mahali pake, na akiba hiyo ni «_» mpaka mtengenezaji wa mchezo achague nyingine. Fonti, kwa kweli, ni jedwali: upande huu namba ya Unicode, upande huu mchoro. Namba ya ɔ ni 0254, ya ɛ ni 025B. Namba isipokuwemo katika jedwali, irabu haipo, hata ukiitamka vizuri namna gani.

PSP, iliyotoka Japani Desemba 2004, huweka majedwali yake katika folda flash0:/font. Ni mafaili 18 yenye mwisho wa .pgf: jpn0 la Kijapani, kr0 la Kikorea, na mengine 16 ya herufi za Kilatini, ltn0 hadi ltn15. Ndani yake hakuna mistari inayokuzwa na kupunguzwa kama katika TrueType. Kila herufi ni picha iliyokwisha kuchorwa kwa nukta, na kila nukta ina kiwango kimoja kati ya 16 vya kijivu. Ndiyo maana ltn0 hadi ltn7 ni za saizi kubwa, na ltn8 hadi ltn15 za saizi ndogo. Ukibadili ltn0 peke yake, maandishi madogo yatabaki kama zamani, nawe utadhani kazi imeshindikana.

Kubadili kwenyewe ni kutafuta fonti huru yenye herufi zetu (Charis SIL, DejaVu na Noto Sans zinazo), kuigeuza iwe PGF kwa programu ya kompyuta, kuipa jina lilelile la faili la zamani, kisha kuiweka mahali pake. Lakini flash0 ndiyo roho ya mashine. Mfumo wa asili haukuruhusu kuigusa. Lazima kwanza uweke mfumo uliorekebishwa. Na umeme ukikatika au betri ikiisha katikati ya kuandika, PSP inaweza isiwake tena. Anayeishi kwetu hahitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika. Nakili mafaili ya asili kwanza, chaji betri ijae. Au fanya majaribio kwenye PPSSPP, programu inayoiga PSP kwenye simu: yenyewe huja na fonti za PGF zilizotengenezwa upya, na kosa lako haliui kitu.

Ugumu wenyewe ulikuwa toni. Herufi é ina namba yake moja, 00E9. Lakini ɔ́ haina; ni ɔ, kisha alama ya toni, 0301, namba mbili. Hesabu tena mistari ya m__t_ utaona. PSP huchora namba moja baada ya nyingine, kwa hiyo hata ukiongeza alama hiyo, itakaa kando ya ɔ kama koma iliyopotea. Dawa iko katika vipimo vya PGF: kila mchoro husema uanzie wapi na kalamu isogee kiasi gani baada yake. Tuliipa 0301 msogeo sifuri, tukaurudisha mchoro nyuma, juu ya irabu. Juu ya ɔ na ɛ inakaa vizuri. Juu ya i imeenda kushoto kidogo.

Mwenzangu alipendekeza njia rahisi: kuchora ɔ́ nzima na kuipa namba ya eneo binafsi la Unicode, kuanzia E000. Ingependeza sana kwenye skrini yetu. Nilikataa, kwa sababu orodha ile ya maneno, ikihamia kwenye kompyuta nyingine, isingesomeka tena. Afadhali i iliyopinda.