Ndinga Imetanua Miguu

Msimu wa korosho ukiisha Mtwara, mkwanja unaonekana ulikopita. Mmoja kaezeka bati, mwingine kapeleka posa. Mimi nilivuta GX100, Mark II ya mwaka 1998, nyeupe, rimu inchi 17. Wiki haijaisha nishakata springi. Nilivyokatiza Ligula na ndinga imelala chini, kitaa kizima kiligeuka. Nikajiona mwamba.

Miezi mitatu mbele, natoka zangu Mikindani, kamvua kadogo tu, mkia wa gari ukataka kunipita. Nikapaki. Nikapitisha mkono upande wa ndani wa tairi la nyuma, nikagusa waya. Kwa nje tairi bichi, kwa ndani kipara kinang'aa.

Fundi mmoja wa Chikongola akachuchumaa nyuma ya gari, akacheka. "Dogo, hii imetanua miguu kama mbuzi anakamuliwa. Kemba hiyo." Mimi nikasikia kamba, nikajua ananipiga kamba ale hela yangu.

Kumbe jamaa yuko sawa. Kemba ni ule mlalo wa tairi ukilitazama kwa nyuma. Kwenye Mark II na Altezza, kila tairi la nyuma limeshikwa na mikono yake, ya juu na ya chini. Ukishusha gari, mikono inapanda, na ule wa juu, kwa vile ni mfupi, unavuta kichwa cha tairi kwa ndani. Mwana mwenye IST anashusha na hapati hizi tabu, maana yake nyuma ni boriti moja imeunga matairi yote mawili.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua timazi ya fundi mwashi, au funga nati kwenye uzi. Paki sehemu tambarare, ninginiza uzi mbele ya rimu, halafu linganisha nafasi ya juu na ya chini. Kwa rimu ya inchi 17, kila digrii moja ni kama milimita 8. Yangu ilitoa 32. Digrii 4, mwanangu! Kiwandani inatoka na moja hivi au chini yake.

Tiba ina mpangilio wake. Kwanza bushi, kwa sababu bushi zikichoka unarekebisha upepo. Pili, zungusha bolti za kurekebishia. Zikifika mwisho, tafuta mkono wa juu unaorefushwa, usukume kichwa cha tairi kirudi nje. Tatu, usikaze bolti za bushi gari ikining'inia kwenye jeki. Ikalishe chini kwanza, la sivyo mpira unakaa umejisokota na unachanika mapema. Mwisho kabisa ndiyo unapeleka alaimenti, maana ukigusa kemba, na uelekeo wa matairi unahama. Na hapo ndipo wengi tunapigwa: kemba inalaza tairi, ila tairi linalotazama pembeni ndilo linalosagwa fasta. Vikikutana vyote viwili, umekwisha.

Springi zilizokatwa nikazitupa, nikaweka fupi za kununua. Gari ikapanda vidole viwili, kemba ikarudi hadi digrii moja na nusu. Bado iko chini, bado kali.

Jumapili tukaenda Msimbati kula upepo. Mshkaji mwenye Altezza, ya kwake imelala kinoma, akaanza kunizingua: "Oya, umezeeka? Mbona umeipandisha?" Sikumjibu. Nikatoa uzi na nati kwenye dashibodi, nikauninginiza kwenye rimu yake ya nyuma.

Milimita 34.

Akakaa kimya. Kisha akapiga goti pale pale mchangani, akapitisha mkono ndani ya tairi lake.